Miche Sita ya Wilmar na Kodiani ya Dardo

Dardo Olivera alikuwa fundi rangi hodari na mpiga kodiani mbovu. Mwenyewe alilijua hilo, wenzake walilijua, na kwa miaka mingi ndilo lililowachekesha kuliko kitu kingine chochote mjini Minas.

Alifika Minas angali kijana, akitokea mji wa Melo, kuja kupaka rangi shule moja, akabaki. Aliishi na mwanamke aitwaye Mirta mpaka huyo Mirta alipokwenda Hispania kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Jumapili, kisha ikawa sikukuu tu, kisha akanyamaza. Dardo hakutafuta mwingine. Alipanga chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ungenyoosha mkono ungeugusa. Mtu aliyepaka rangi nusu ya mji alikuwa akiamka kila asubuhi mbele ya ukuta ambao haukuwahi kuona brashi.

Kodiani aliipata kwenye dari ya nyumba aliyokuwa akiikarabati. Wenye nyumba walimwambia aichukue tu, panya walishaanza kuila. Aliishona mivukuto kwa ngozi ya kiatu. Kitufe kimoja kilikwama kila penye baridi, kikatoa mlio kama wa birika linalochemka, na sehemu ya pili ya waltzi yoyote ile ilimpotezea njia. Lakini Jumamosi alasiri ilipofika aliibeba begani kwa Wilmar Techera, akitembea haraka kama mtu anayesubiriwa. Na kweli alikuwa akisubiriwa.

Wilmar alikuwa dereva wa basi mstaafu, mnene, mpole, mwenye gitaa aliloachiwa na baba yake. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichanja cha mizabibu, na chini ya mizabibu viti ambavyo hakuna kimoja kilichofanana na kingine. Zulma, mjane aliyeoka keki za kuuza, aliimba na kupiga droo ya kabati iliyogeuzwa kifudifudi. Elbia, mkewe Wilmar, hakupiga kitu. Alizungusha kibuyu cha yerba, majani machungu yanayonywewa kama chai, na mrija wake, na siku za mvua alikaanga maandazi bapa, akiwasikiliza kutoka jikoni. Wasikilizaji wengine walikuwa kuku.

“Dardo,” Zulma angesema katikati ya wimbo, “hiyo ni waltzi au ni lori linapanda mlima?”

“Ni lori, dada. Limebeba sauti yako, ndiyo maana halipandi.”

“Haya, toka mwanzo,” angesema Wilmar. “Na wewe mzee, safari hii jitahidi tufike pamoja.”

“Tangulieni tu. Nitawakuta huko huko.”

Wangeanza tena, na pale pale Dardo angepotea tena, na Zulma angecheka mpaka apige kwikwi, na droo ingeanguka. Nyimbo zilizofika mwisho zilikuwa chache. Hakuna aliyewahi kuwaalika kupiga popote, wala hawakutaka. Jioni Dardo alirudi chumbani kwake akiwa na maumivu ya mbavu kwa kucheka, na yale maumivu yakamfikisha Jumatano.

Kisha ikaja habari ya bangi. Serikali iliporuhusu miche sita kwa kila nyumba, Wilmar alikwenda posta akajiandikisha, kwa utani zaidi kuliko kwa nia. Alikuwa akiumwa mgongo kwa sababu ya kukaa kwenye usukani maisha yake yote, na mtu alimwambia itamsaidia. Lakini Wilmar hakuwa na mkono wa mimea. Hata majani ya mnanaa yalimfia. Aliyekuwa na mkono ni Dardo, ambaye hakuwa na hata shubiri ya ardhi. Basi bustani ikawa ya Wilmar kwa jina, na ya Dardo kwa jasho.

Oktoba aliatika mbegu kwenye pakiti za maziwa zilizokatwa. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alipitia mlango wa uani, hakubisha hodi, akamwagilia, akapindua majani kutafuta wadudu. Alilowekea miche mbolea ya kuku mpaka Elbia akalalamika kwamba nguo zake kambani zinanuka banda. Januari alichungulia vifundo vya mashina kutambua madume, akayang'oa kabla hayajachavusha majike. Matawi yalipolemewa, aliyafunga kwa vipande vya soksi ndefu za Elbia.

“Shemeji, una nyingine?”

“Mimi nitavaa nini harusini? Majani?”

“Yatakupendeza.”

Kuvuta kwenyewe Dardo hakuvuta sana, rangi ilikuwa imeshamharibia kifua. Msokoto mmoja mzuri uliwatosha watatu Jumamosi nzima. Alichokipenda ni kule kuona kitu kikiitikia. Alikuwa amezoea kuta, ambazo huzipaka na kuziacha. Mche uliinama leo na kesho ukamwinukia.

Mwaka ule ambao mambo yaliharibika, miche ilikuwa mizuri kuliko mwaka wowote. Machi ilipokuwa inakwisha, maua yalikuwa mazito kama mahindi, na harufu yake ilivuka ukuta. Wilmar alitaka kuvuna, maana redio ilitangaza mvua na mvua huleta ukungu. Dardo alitoa kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya ua moja akizuia pumzi.

“Bado,” alisema. “Utomvu bado ni kama kioo. Unatakiwa uwe kama maziwa. Ngojea Jumapili.”

“Jumamosi hatupo. Mpwa wake Elbia anaolewa kule Rocha, tunalala huko. Hata Zulma tunaye, ndiye mwenye keki.”

“Si ndiyo hiyo Jumapili mkirudi? Nitakuja na mkasi.”

“Haya. Wewe ndiye daktari.”

Jumamosi hiyo Dardo aliikamilisha dari ya duka moja la dawa, akaenda kulala mapema. Jumapili mchana alivaa shati safi, akatia kioo na mkasi mfukoni, akabeba kodiani, maana walikubaliana watavuna kwa muziki. Alipita mlango wa uani akipiga mluzi.

Wilmar alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, bado amevaa suti ya harusi. Mbele yake palikuwa na visiki sita vifupi, vyeupe pale vilipokatwa. Udongo ulikuwa umekanyagwakanyagwa. Mtu alikuwa amevunja mpaka tuta dogo la kuzuia maji alilolijenga Dardo kuzunguka kila shina.

“Wamekuja jana,” alisema Wilmar bila kuinua macho.

Dardo alipiga magoti, akashika kisiki kimoja. Alikuwa anafikiria ule mche wa pembeni, uliotaka kufa Desemba akauokoa.

Elbia alitoka jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa safari na kwa hasira.

“Mlango haukuvunjwa,” alisema. “Aliyeingia anajua jinsi komeo linavyofunguliwa. Na nani alijua kwamba hatupo?”

“Sijui, shemeji. Majirani labda...”

“Majirani hatukuwaambia. Na nani alisema tungoje Jumapili?”

Dardo alikuwa bado amepiga magoti. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, hakumtazama Elbia, alimtazama Wilmar. Alingoja Wilmar aseme, *Elbia, acha upuuzi.* Alingoja aseme lolote, hata atukane. Wilmar aliendelea kutazama viatu vyake vilivyong'arishwa, akavuta pumzi, akaitoa.

“Wilmar,” alisema Dardo.

“Mimi sijasema kitu.”

“Ndiyo. Nimesikia.”

Alisimama, akajipangusa magoti, akachukua kodiani yake. Mkasi aliutoa mfukoni akauacha juu ya kiti, na baadaye Elbia aliurudisha kwa mkono wa Zulma.

Minas ni mji mdogo. Wiki haikuisha kabla muuza vifaa vya ujenzi hajamwuliza, akimpimia brashi, kama siku hizi ameanza kilimo. Mama mmoja aliyekuwa amemwita kupaka sebule alisema wameahirisha, na Dardo alipopita siku nyingine aliona fundi mwingine juu ya ngazi. Hakujitetea. Angemwambia nani? Alikuwa anakaa kitandani akitazama ule ukuta wa jirani, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu aliyelala.

Zulma ndiye aliyekuja. Aliingia na keki, akaiweka juu ya kabati, akavuta kiti.

“Sikiliza, wewe. Mimi najua si wewe.”

“Umejuaje?”

“Mwizi lazima aingie kwa wakati. Tangu nikujue hujawahi kuingia kwa wakati hata kwenye wimbo mmoja.”

Dardo alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikakatika, na Zulma akamwona akijifunika uso kwa mikono yake yenye madoa ya rangi nyeupe. Hakumwambia anyamaze. Alikata keki.

“Wilmar hakusema kitu, Zulma,” Dardo alisema baadaye. “Elbia ana hasira, hasira hupita. Lakini yule alikaa tu.”

“Nilimwambia. Anasema alichanganyikiwa.”

“Miaka yote ile napita mlango wa uani.”

“Najua, kaka.”

Ukweli ulijulikana majira ya baridi. Polisi walisimamisha gari moja la mizigo nje ya mji, wakakuta magunia ya bangi iliyoibwa kwenye nyua za watu wengi. Wezi walikuwa vijana wa mji mwingine, waliofuata harufu mtaa kwa mtaa na kuruka kuta. Wilmar aliitwa kituoni, na katika gunia mojawapo aliona matawi yaliyokauka, bado yamefungwa vipande vya soksi za mkewe.

Alitoka kituoni akaenda moja kwa moja kwa Dardo. Alisimama mlangoni ameshika kofia, mvua inamchuruzika.

“Ingia, utapata mafua,” alisema Dardo.

“Si wewe.”

“Najua si mimi.”

“Elbia analia. Anataka kuja, anaona haya.” Wilmar aligeuza kofia mikononi. “Nilitakiwa kusema neno moja tu. Kila nikilala nalisema. Nisamehe, ndugu yangu.”

Dardo alikuwa ameweka maji motoni. Alijaza yerba kibuyuni, akanyonya wa kwanza yeye, kama ilivyo ada ya mwenye kuandaa, akajaza tena, akampa.

“Yameisha, Wilmar.”

“Yameisha kweli?”

“Kunywa. Yatapoa.”

Na alimaanisha. Kama kulikuwa na kinyongo, alikitafuta moyoni hakukiona. Jumamosi iliyofuata alibeba kodiani begani akaenda. Alipofika mlango wa uani, mkono ulisita juu ya komeo, akabisha hodi. Elbia alikuja mbio kumfungulia, akamkumbatia, akamwombea radhi mpaka ikamlazimu Dardo kumbembeleza yeye. Mezani palikuwa na nyama, na maandazi ingawa mvua haikuwako, na kiti kizuri kuliko vyote kiliwekwa mto kwa ajili yake.

Wakaanza waltzi. Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili, Dardo akapotea, kitufe kikalia birika, akajikwaa, akasimama. Akainua uso, tayari amekwisha kutabasamu, akingojea ule utani wa lori.

“Hapana neno,” alisema Wilmar upesi. “Ni baridi tu. Twende tena taratibu.”

“Umepiga vizuri,” alisema Elbia kutoka jikoni.

Zulma alifungua mdomo, akamtazama Wilmar, akamtazama Elbia, akaufunga. Akaipanga droo yake vizuri mapajani.

Walirudia. Alikosea tena. Hakuna aliyecheka. Walimsubiri, wakamwendea polepole, wakampa nafasi, kama watu wanaomshika mgonjwa kwapani avuke barabara. Wimbo ukafika mwisho, wote wakapiga makofi, na Dardo akaona kwamba yale makofi hayajawahi kusikika chini ya mizabibu ile.

Alikwenda Jumamosi nyingine kadhaa. Alijaribu kuwachokoza yeye. Alimwambia Zulma sauti yake inatisha kuku. Zulma alijibu, lakini Elbia akaguna kwa wasiwasi, na jibu likaanguka katikati yao. Kila mtu alikuwa akimpenda sana. Aliporudi chumbani mbavu hazikumuuma. Akaanza kusema ana kazi, kisha ana kikohozi.

Oktoba, Wilmar alimletea mche mdogo kwenye pakiti ya maziwa. Alikuwa ameuotesha mwenyewe, shina limepinda.

“Sijui naukosesha nini,” alisema. “Njoo tuatike mingine pamoja.”

“Mwaka huu mgongo hauinami, Wilmar.”

“Utakaa kwenye kiti, uniamuru tu.”

“Tutaona.”

Wilmar alibaki amesimama kidogo, akiutazama ule ukuta nje ya dirisha. “Sijui nifanye nini zaidi, Dardo.”

“Umefanya yote. Kweli. Si kosa lako tena.”

Mche ule Dardo aliuweka dirishani. Ulirefuka mwembamba, ukitafuta jua ambalo halikuwako, na Krismasi ilipokaribia akampa Zulma aupande kwake.

Kabla ya baridi nyingine kuingia, dada yake wa Melo alivunjika nyonga akahitaji mtu wa kukaa naye. Dardo aliuza ngazi zake, akafunga sanduku. Wote watatu walimsindikiza kituo cha basi. Wilmar alimbebea kodiani mpaka kwenye ngazi za basi, akamwambia kiti cha kushoto, nyuma ya dereva, ndicho kisichotikisika. Dardo akakaa hapo hapo. Walipungiana mikono mpaka basi likapinda.

Huko Melo alimpikia dada yake, akamsaidia kutembea uani, akapaka rangi nyumba yote ndani na nje. Jioni alipiga kodiani, na dada yake, ambaye hakujua muziki, alimsifia.

“Mbona hujanisimulia habari za Minas?” alimwuliza siku moja, wakimenya viazi. “Maisha yako yote ulikuwa huko. Hukuwa na marafiki?”

“Nilikuwa nao,” alisema Dardo. “Watu wazuri sana.”

Akachukua kiazi kingine, akaendelea kumenya.