Tumbo la Pilato

Levina, muuza vitumbua wa Mtendeni, ni mwepesi wa kununa, na mwaka huu alinuna miezi mitatu mfululizo. Mbwa wake mzee, Pilato, aliota kitambi, akanyonyoka manyoya ya mkia, na ndoo ya maji ikawa haimtoshi. Levina akamshuku jirani yake, Erasmus, mstaafu wa reli anayeletewa samaki, migebuka, kutoka Kigoma. "Unamlisha kwa siri," alimwambia, na salamu zikakatika.

Hata hivyo, Pilato aliposhindwa kupanda ngazi, ni Erasmus aliyembeba hadi kwa daktari wa mifugo, Levina akifuata nyuma.

"Huenda ni ugonjwa wa Cushing," daktari alisema. "Mwili unatengeneza homoni kupita kiasi. Damu ikithibitisha, atakunywa vidonge maisha yake yote, na kufanyiwa vipimo vya mara kwa mara. Kwa umri wake, mkiona bado ana raha, mnaweza pia kumwacha bila matibabu."

Levina alimtazama Pilato, aliyekuwa amelaza kichwa juu ya kiatu cha Erasmus. Mbwa alikuwa anahema kana kwamba ametoka kukimbia.

"Mpime," Levina alisema. "Ikiwa ni ugonjwa, nitamwomba mzee Erasmus radhi mbele ya soko zima."

Erasmus akakohoa. "Mama, kabla damu haijatolewa, nikiri jambo. Vichwa vya migebuka nilikuwa namrushia juu ya ukuta."

Daktari akacheka. "Vichwa vya samaki havinyonyoi mkia. Tunampima."

Levina alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. "Basi akiandikiwa vidonge, utavificha humo humo kwenye vichwa vyako. Ila upite mlangoni, mzee. Ukuta wangu umeshanuka samaki vya kutosha."