Karatasi Iliyokunjwa Upande wa Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa kiwanda cha uchapaji pale Homa Bay aliniangalia mikono akauliza, "Wewe mama, umetoka kuchimba kaburi?" Nikamwambia nimetoka Osiri kuponda mawe ya dhahabu. "Basi karatasi utaiweza," akasema. "Ni nzito kuliko mawe, ila watu hawajui." Darasa la tano sikufika. Nyinyi vijana mnalilia vyeti. Cheti changu mimi ni wino ulioingia kwenye kucha ukakataa kutoka.

Fundi Mkuu ndiye aliyenifundisha bamba, ile sahani nyembamba ya alumini inayobeba sura ya kurasa. Wino hushika penye maandishi, maji hushika penye utupu. "Mashine haijui wewe ni mwanamke," aliniambia, "inajua vidole tu." Baadaye nilipelekwa tawi la Migori, chini ya Meneja aliyependa usingizi kuliko wateja. Biashara ilipomshinda, mashine niliinunua mimi.

Nimechapa kadi za harusi, kalenda za makanisa, na mabango ya wanasiasa waliokwishasahaulika. Hakuna kilichonishangaza, mpaka wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huku kwetu waliponiletea gazeti lao.

Lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara moja. Ukurasa wa kwanza habari, wa pili maoni na barua, wa tatu michezo, wa nne tanzia na salamu. Kila ukurasa na mhariri wake, na juu yao wote Mhariri Mkuu, msichana mwembamba aitwaye Awuor. Hawakulipwa hata chai. Walikaa sakafuni kwangu wakigombana kama ndugu wa mama mmoja, na mimi wakiniita Dani, yaani nyanya yao.

"Umeongea na huyo unayemwandika?" Awuor angeuliza.

"Hapokei simu."

"Enda ofisini kwake. Akikufukuza, andika amekufukuza."

Mimi nilisimama na kitambaa cha wino mkononi, mdomo wazi. Hata wazee wa ukoo hawaamui kesi kwa uangalifu hivyo.

Ndipo akafa Otieno, mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwa homa ya matumbo. Wenzake kadhaa walikuwa wamelazwa. Mhariri wa Habari akapiga picha ya tangi la maji la mabweni: limefunguka kifuniko, ndani kijani kama bwawa la ng'ombe. Alitaka kuandika kwamba maji hayo yamemuua Otieno. Awuor akakataa. "Hospitali haijasema. Tunaandika tangi ni chafu na watu bado wanakunywa maji yake. Hapo tunasimama." Tangi likaenda ukurasa wa kwanza. Otieno, na picha yake akicheka, ukurasa wa nne. Mazishi yalikuwa Jumamosi, kwao Kosele, na mama yake alikuwa ameomba gazeti lifike.

Ijumaa mchana, nimemaliza kuchapa na kukunja hatujaanza mimi na Awuor, gari likasimama mlangoni. Akashuka Msimamizi wa Wanafunzi, daktari wa vitabu, jasho shingoni.

"Mama, huo ukurasa wa kwanza uchomwe."

"Ukichoma wa kwanza umechoma na wa nne," nikamwambia. "Ni karatasi moja, upande mmoja. Na bamba jipya ni mpaka Kisumu."

Akainua karatasi. Otieno akamcheka usoni. Sasa nani kwetu atachoma picha ya mtu ambaye hajazikwa? Akaiweka chini polepole, kama mtoto aliyelala.

"Kesho mazishini kuna wageni wa heshima," akasema, sauti imeshuka. "Magazeti yatakuwa mezani mbele yao. Sitaki hilo tangi liwatazame. Awuor, ukilitoa gazeti hivi, uhariri umeisha. Na masomo tutaona."

Awuor aliiokota karatasi akaigeuza. Nilijua anahesabu: wale wa bwenini wanakunywa, mama wa Kosele anangoja, na yeye kwao ndiye wa kwanza kufika chuo.

"Daktari," akasema, "tukiikunja upande wa pili, mbele itakuwa michezo."

"Fanyeni hivyo." Akaondoka bila kuuliza ndani kutabaki nini.

Hata mimi sikuona, na hiyo kazi nimeifanya maisha yangu yote. Nilikunja nakala ya kwanza, nikaifungua, nikakaa chini. Kushoto Otieno anacheka. Kulia tangi. Wanatazamana.

"Nyathina, mwanangu, ulijua?" nikamwuliza Awuor.

"Nilijua, Dani. Lakini hakuna neno tuliloongeza."

Pale Kosele niliwaona wageni wakisoma mpira, kisha mmoja akafungua, na mwingine, mpaka uwanja mzima zikasikika karatasi tu. Mama yake Otieno alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamtafuta Msimamizi kwa macho. Yule bwana aliinuka kutoa risala yake, lakini akasema kitu kimoja tu: tangi litashushwa. Likashushwa Jumatatu. Awuor akavuliwa uhariri Jumanne, ila darasani walimwacha.

Nimestaafu sasa, mgongo umekataa. Vijana bado huniletea kila toleo, na kila mara huniuliza nimependa kichwa gani cha ukurasa wa mbele. Nawaambia ngojeni, huko sijafika. Mimi huanza kufungua katikati.