Mkwe Wangu Amekula Mbele Yangu kwa Sababu ya Katiba

Msimamizi wa kundi, jina langu libaki kwako. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, mkazi wa Kamalondo, Lubumbashi. Sikuzoea kuyatoa mambo ya nyumbani nje, lakini usingizi umenikimbia.

Binti yangu wa mwisho aliolewa na kijana ambaye asili ya wazazi wake ni jimbo la Kasai, ingawa yeye alizaliwa mjini humu humu. Kwetu, mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Ndiyo heshima yenyewe. Miaka yote ya ndoa yao, chakula chake kilipelekwa chumba kingine, naye aliniamkia akiwa ameinamisha macho. Sijawahi kumwona akitafuna hata karanga.

Jumapili tulikusanyika kuondoa matanga ya mume wangu. Redio ya jirani ilikuwa ikizungumzia katiba mpya. Mkwe wangu akatania, akinyoosha kidole kwenye mabati ya paa: "Nyumba ikivuya, bantu banabadirisha malata. Katiba iko vile vile."

Watu walicheka. Kifungua mimba wangu wa kiume hakucheka, akamgeukia shemeji yake. "Malata gani, semeki? Munatafuta mandat ya tatu tu." Rais ana asili ya Kasai, na katiba ya sasa haimpi muhula wa tatu.

"Unaogopa nini? Isome kwanza!"

"Siogopi. Muiguse tu ile katiba. Gare iko paka pale."

Kwa asiyejua, alisema gare, yaani stesheni ya treni, bado ipo pale pale. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani, walilala pale wakingoja mabehewa ya kwenda Kasai. Mkwe wangu alikuwa mtoto. Dada yake mdogo alifia pale, juu ya godoro lao. Mwanangu analijua hilo. Sote tunalijua.

Mimi niliinamia sufuria ya samaki, nikaendelea kupakua.

Mkwe wangu alisimama. Alichukua sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki, akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana. Akala. Alinitazama usoni, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa tupu. Wifi yangu alijifunika uso kwa kitenge. Kisha mkwe wangu akasema kwa upole, "Mama, ukwe wetu umeisha," akamchukua mke wake na watoto, wakaondoka.

Tangu siku hiyo, kila nikifumba macho nasikia koo lile likimeza.

Binti yangu amenipigia simu. "Mama, tunafunga mizigo, tunaenda Mbuji-Mayi, kule Kasai. Nawe ulinyamaza."

Desturi ya ukoo wetu inaniruhusu kumrudisha mkwe. Nimpelekee kuku kwa mikono yangu mwenyewe, majirani zake wa mtaa wa Hewa Bora wakiona. Lakini mwanangu ndiye mkubwa wa ukoo sasa, nami ninaishi kwake. Ameapa: "Ukibeba ile kuku, mama, njo unabapigia kura. Usirudie hapa kwangu."

Wanaondoka Ijumaa. Kuku yuko uani, amefungwa mguu, anadonoa saruji. Msiniandikie siasa, nimezisikia za kutosha. Nyinyi mlio wazazi, niambieni: mngetoka kwenye lango hili mkijua halitafunguliwa tena?