Yatima Mwenye Mama Yake

Sungura pori na mimi hatujawahi kuelewana. Huingia bustanini kwangu Rhotia alfajiri, wanakata majani ya karoti mstari kwa mstari, halafu wanakaa pembeni kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyevamia. Kule hotelini ninakotandika vitanda, wageni waliolipa kuona simba huwapiga picha wezi haohao na kusema wanapendeza. Mimi nimewaita majina mengine.

Kwa hiyo sijui ni kitu gani kilinipata siku ile ya mapumziko, nikipalilia maharage, nilipomkuta mtoto wao. Alikuwa amejikunyata kwenye kishimo, anaenea kiganjani, macho wazi, peke yake. Hakukimbia. Nilimsubiri mama yake saa nzima, hakutokea. Sisi ni watu wa mifugo. Kwetu mbuzi hamfichi mtoto wake majanini akaenda zake, na mama akifa, mtoto huletwa jikoni akanyweshwa maziwa kwa chupa ya soda. Nimelea wanne hivyo, na wote wakawa mabeberu wenye kiburi. Nikambeba sungura kwenye kanga.

Mama mkwe wangu, anayenilelea binti yangu wa miaka minne nikiwa kazini, alichungulia ndani ya kanga akaguna.

"Mrudishe ulikomtoa. Huyo mama yake huja jioni."

"Sasa mama, mzazi gani anamwacha mtoto mchana kutwa?"

"Na wewe huwa unarudi saa ngapi?"

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na kwa hasira hiyohiyo nikaamua kwamba sungura atalelewa, apende asipende.

Hakupenda. Maziwa ya ng'ombe yalimtokea puani. Nilimfunga kamba mguuni kama mtoto wa mbuzi, akajirusha mpaka nikaogopa atauvunja, nikamfungua. Akapanda kwenye makochi, akakojolea vitambaa vya kufuma nilivyopewa siku ya harusi, na nilipomfukuza akanikwangua kuanzia kiwiko hadi kidole. Binti yangu alikuwa na maoni tofauti. Alisema mbona akishikwa anatulia, maana yake anatupenda. Nikaweka kidole kifuani mwa yule mnyama. Moyo ulikwenda mbio kiasi kwamba sikuweza kutenganisha pigo na pigo. Hakuwa ametulia, alikuwa anangoja tummalize. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilinikera kuliko mkojo.

Kesho yake, siku yangu ya mwisho ya mapumziko, tumbo lake lilikuwa limebonyea. Alasiri nikamrudisha kwenye kishimo chake, nikajibanza nyuma ya mahindi. Nilikuwa na hofu kweli. Mama asipokuja, mtoto hatakuwa ameuawa na mwewe wala mbwa wa jirani. Nitakuwa nimemuua mimi, kwa huruma yangu na ubishi wangu.

Jua lilipozama akaja. Ni sungura mkubwa mwenye sikio lililochanika, ninayemfahamu vizuri kwa sababu karoti zangu ndizo zilizomnenepesha. Hakumbembeleza mtoto wala kumlamba. Alisimama tu, mtoto akajipenyeza chini yake akanyonya, kama muda wa mtu kufunga kamba za viatu, kisha mama akaruka akaenda zake. Nilifuta machozi kwa mkono uliokwanguliwa, na ukaniwasha.

Nyumbani mama mkwe aliendelea kupakua chakula. Aliyeuliza ni binti yangu.

"Mama yake amekuja?"

"Amekuja."

"Akakaa naye?"

"Kidogo."

"Inamtosha?"

Nikamwambia inamtosha, nikamvuta nikamkumbatia. Alivumilia kidogo, kisha akaniomba nimwachie, anataka kwenda kwa bibi.