Mbegu Aliyoficha Nyanya

Likizo ya Agosti iliyopita tulipanda mlima juu ya Mwatate, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka kumi na miwili, tukiongozwa na simu. Ndio mchezo wao mpya. Mtu usiyemjua huficha kikopo mahali fulani, huweka mtandaoni vipimo vya mahali hapo, nawe unakwenda kukisaka. Wenyewe wanauita geocaching. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, ukitaka unachukua kitu kidogo na kuacha kingine, kisha unakirudisha palepale. Mume wangu, ambaye ngazi za ofisini kwake humtoa jasho, siku hiyo aliparamia mawe kama mbuzi. Nikuambie kweli, ni mchezo mzuri. Unawatoa watu kwenye makochi na kuwapa la kuzungumza.

Kikopo kilikuwa ndani ya ufa wa jiwe, kimefunikwa kwa majani makavu. Binti yangu alipiga kelele za furaha. Aliacha bangili yake ya shanga, akachukua kigari cha plastiki. Mimi nilikaa kando nikizitazama nyufa za mawe yale, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo, nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Nyumba ya nyanya yangu, aliyemzaa mama, ilikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka pale. Mama alikuwa na kazi Voi, kwa hiyo mimi nililelewa kwa nyanya pamoja na binamu yangu, binti wa mjomba. Mjomba alikuwa na nyumba yake katika boma hilohilo, na kila alfajiri alishuka kwenda kufanya kazi katika shamba la mkonge.

Nyanya alikuwa na mashamba mawili, kama watu wengi wa milimani: moja la matuta pale nyumbani, jingine chini tambarare. Siku za kwenda tambarare alifunga nyumba na kuondoka na ufunguo. Sisi tulirudi kutoka shule saa saba, tumbo limeshikana na mgongo, na chakula hakikuweza kuachwa nje kwa sababu ya tumbili. Tumbili wa kwetu walikuwa wakijua ratiba ya nyanya kuliko sisi. Basi alikificha, na kila siku alibadilisha mahali.

Mlangoni alituachia vijiwe. Vijiwe vinne maana yake tuta la nne kwenda chini, na kijiti kilichokuwa kando yake kilionyesha upande. Ukifika hapo unafunua majani makavu ya mgomba mpaka ukutane na sufuria, mfuniko umekandamizwa kwa jiwe. Ndani kulikuwa na viazi vitamu, au kimanga cha muhogo na maharagwe, kimepoa na kushikana vizuri, kinanukia moshi. Tulikula kwa mikono tukiwa tumekaa palepale kwenye tuta, huku mashine ya posho ikilia ng'ambo ya bonde. Siku tuliposhindwa kukipata tulimngoja mpaka jioni tukiwa na njaa, naye hakutuonea huruma hata kidogo. Alisema, "Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata," akafungua mlango, akaanza kuwasha moto.

Huwezi kuwafundisha watoto mambo hayo halafu utegemee wasiyageuze mchezo. Mimi na binamu tulipata mkebe wa majani ya chai, tukautia vitu vyetu vya thamani: goroli, vifuniko vya soda, sindano ya kusukia nywele, picha ya malkia iliyokatwa kwenye gazeti. Mmoja aliuficha, mwingine akausaka kwa kufuata mawe. Vijiwe vya mlangoni tuliogopa kuvigusa, kwa hiyo tulitafuta vyetu. Juu ya boma, kwenye majabali, tulikuta vitatu vyeupe pepepe, vimekaa kimoja baada ya kingine juu ya mwamba. Tuliviona ni vizuri, tukavibeba.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa mwaka wa ukame, na tulikuwa tukila mara moja kwa siku. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba nyanya alikuwa ameficha mbegu.

Kwa kawaida mahindi ya mbegu yalining'inia juu ya jiko, kwenye moshi, ambako wadudu hawafiki. Lakini mwaka uliotangulia, njaa ilipobana, mjomba aliyashusha bila kuuliza akayapeleka mashineni yakasagwa. Nyanya hakugombana naye. Aliomba kwa dada yake konzi chache za mahindi yaleyale, akaanza upya. Yalikuwa mahindi mafupi, punje nyeupe na zambarau zimechanganyika, yanayokomaa upesi hata mvua ikikatika. Mama yake alimpa siku alipoolewa. Safari hii aliyapukuchua, akayachanganya na majivu, akayatia kwenye kibuyu, akaziba mdomo kwa nta, akakisukuma ndani ya ufa kule kwenye majabali. Majabali yale yana nyufa nyingi kuliko meno ya watu wa kijiji kizima, na zote zinafanana. Alama yake ilikuwa mawe matatu meupe.

Wiki moja kabla ya mvua za vuli, nyanya aliteleza akiwa na mzigo wa kuni, akavunjika paja. Alipelekwa hospitali na kulazwa. Halafu mvua ikaja, na milimani kwetu mvua ya kwanza haimsubiri mtu. Majirani wote walikuwa mashambani na majembe. Mjomba alitoka hospitali ameelekezwa, akapanda kwenye majabali, akashuka na uso umekunjamana.

"Mawe meupe hakuna," alisema. "Nimezunguka kote. Huyu mama ameniambia uongo ama ni nini?"

Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiangusha. Mawe yale yalikuwa nyuma ya choo, mahali tulipoficha mkebe wetu mara ya mwisho.

Hatukukumbuka tuliyaokota kwenye mwamba upi, kwa hiyo kwa siku mbili mimi na binamu tulitia mikono kwenye kila ufa tulioufikia. Tulipata nge, ngozi ya nyoka, na taya la mbuzi. Mvua ilikuwa ikitunyeshea, na kila tulipotazama chini tuliona mashamba ya wenzetu yakigeuka meusi kwa kulimwa. Mjomba alikuwa na mkono mwepesi na mkanda mpana, kwa hiyo hatukusema neno.

Jumapili alinichukua twende hospitali, mimi nikiwa nimebeba uji. Alipotoka kuongea na muuguzi, nilimwambia nyanya yote, haraka haraka, nikiutazama mguu wake uliofungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia binamu. Akajaribu kunieleza ufa wenyewe, juu ya mti fulani, chini ya jiwe lenye mgongo, kisha akaacha, maana alijua na mimi nilijua kwamba mawe yenye mgongo yako arubaini.

Mjomba alirudi akasimama miguuni pa kitanda. "Mama, sasa hiyo mbegu iko wapi? Watu wanapanda."

"Sikumbuki," nyanya alisema. "Nilikuelekeza vibaya. Kichwa changu siku hizi kinanitoka, mwanangu. Nunua ya dukani."

Alimtazama mjomba aliposema hivyo, hakunitazama mimi. Nilihisi furaha. Nakuambia hivyo kwa sababu ndiyo kweli: nilichohisi kwanza ilikuwa furaha kwamba sitachapwa.

Tulipanda mbegu ya dukani, ikaota vizuri. Nyanya alirudi na gongo, akakuta mjomba ndiye mwenye ufunguo wa ghala. Ndiye aliyeamua shamba lipi lilimwe, mbuzi gani auzwe. Nyanya alipotoa neno, mjomba aliwaambia wageni kwa upole, "Mwacheni, mama anasahau." Mwanamke huyo alijua mbuzi wa kila jirani alizaa lini. Wanawake wa kanisa walimsalimia kwa sauti kubwa na pole pole, kama wanaongea na mtoto mchanga, naye aliwajibu taratibu, akiwauliza habari za watoto wao kwa majina, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Hakuna aliyeliona hilo. Dada yake alikuwa ameshafariki, na mahindi yale ya zambarau hayakuonekana tena kwetu. Nimewauliza akina mama wa soko la Mwatate mara nyingi. Wananicheka, wananiuliza kama nataka ya kula au ya urembo.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Mwanzoni niliogopa mkanda. Halafu mjomba akaacha kuchapa watu, na mimi nikaendelea kunyamaza kwa mazoea tu, na nyanya hakunikumbusha hata siku moja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa tulipomzika, pale juu ya matuta. Mjomba alisimama mbele ya watu akasema mama yake alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, ila tangu ile ajali akili ilimpungua, akawa hakumbuki hata alipoweka vitu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Watu waliitikia kwa vichwa. Na mimi, nikiwa mstari wa mbele, niliitikia pamoja nao.