Kibanio Kilichomegeka

Kaka yangu alirudi kutoka vitani na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyogoma kukunjika, kile kidogo na jirani yake. Nyumbani walishukuru kwamba karudi na kichwa, vidole hakuna aliyeviulizia. Mimi niliviulizia, maana kabla ya vita alikuwa akipiga gitaa. Alilinunua kwa Mhindi mmoja wa Bukoba mjini aliyekuwa akifunga duka.

Hakulalamika. Alichonga kijiti cha mbuni, mti wa kahawa, akakifunga juu ya nyuzi kwa mpira wa baiskeli. Wapiga gitaa wengi wana kibanio cha namna hiyo, hubana nyuzi zote sita ili sauti ipande. Chake kilikuwa tofauti. Alikimega pembeni kwa kisu, huku na huku, ili nyuzi tatu za katikati zibanwe na zile za kando zipite bila kuguswa. Kijiti kikafanya kazi ya vidole vilivyogoma, na vile vilivyobaki vikatosha. Nyuzi za kando zilivuma chini ya kila alichopiga, kama mtu anayekuitikia toka jikoni wakati wewe unaimba sebuleni. Sijasikia tena gitaa likilia hivyo.

Baba yetu, Tata kama tumwitavyo kwa Kihaya, hakulitaka gitaa hilo. Alikuwa seremala hapa Kagoma, na kwake gitaa lilikuwa la walevi. Yeye akagomba, kaka akapiga, miaka ikaenda. Halafu ukaja ule ugonjwa. Vitanda na milango ikasahaulika, Tata akawa seremala wa majeneza tu. Harufu ya mbao mpya niliipenda nikiwa mtoto. Sasa siipendi kabisa.

Kaka naye akaanza kukonda. Tukasema ni malaria, tukasema karogwa, mwisho tukanyamaza. Alikuwa akipiga gitaa ameketi kitandani, na Tata, jamani, akawa anasikiliza. Nilimwona mwenyewe kasimamisha randa katikati ya ubao, kainamisha kichwa kuelekea dirishani kwa mwanawe.

Siku nilipompeleka kaka hospitali, Tata aliingia chumbani akakiona kile kibanio. Akaona kimemegeka pembeni. Mwana wa seremala anatumia kitu kibovu vile, watu watasemaje? Akakitia motoni. Akatoa kipande cha mninga alichokuwa amekihifadhi, akachonga kipya, kimenyooka, kimepigwa msasa, kinabana nyuzi zote sita. Tuliporudi akamkabidhi. Kaka alikipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, akashukuru kwa Kihaya, "Kasinge, Tata."

Muziki ukaishia hapo. Tulipobaki wawili alijaribu, lakini kwa kibanio kile kizima vidole vyake havikutosha. Sauti ilitoka kavu, imekabwa. Akaliweka gitaa ukutani.

"Nikimege pembeni," nikamwambia. "Kisu hiki hapa."

"Ataona."

"Basi nimweleze."

"Usimweleze. Miaka yote hii anachongea wafu. Hiki ndicho kitu pekee alichomchongea mtu aliye hai. Unataka nimwambie kakosea?"

Nikakiweka kisu chini. Wanasema heshima si utumwa. Waliosema hivyo hawakulelewa nyumbani kwetu. Kila asubuhi Tata alisimama mlangoni akauliza, "Kinabana vizuri?" Na kaka kila asubuhi akajibu, "Vizuri sana, Tata." Kisha Tata akaenda kuranda mbao polepole, masikio yote dirishani, akingoja. Akangoja wiki baada ya wiki. Alidhani mwanawe ana kinyongo kwa ule ugomvi wa zamani. Aliniuliza karakanani, bila kunitazama, "Hajanisamehe?" Nikasema ni homa tu. Wale watu wawili walipendana, na bado walikaa hivyo, kila mmoja upande wake wa ukuta. Nikikumbuka nakasirika mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Kaka alifariki wakati wa kuchuma kahawa. Jeneza alilichonga Tata.

Matanga yalipokwisha, Tata alilitoa gitaa uani alifute vumbi. Akafungua kibanio chake, kisha mkono ukasita. Akapitisha ukucha kwenye shingo ya gitaa. Pale kilipokuwa kibanio cha zamani, nyuzi tatu za katikati zilikuwa zimechimba mifereji midogo. Chini ya nyuzi za kando ubao ulikuwa laini, haujaguswa. Seremala haelezwi habari za ubao.

"Kumbe hakikumegeka," akasema. "Kilimegwa."

"Ndiyo, Tata."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, Tata."

Nilitamani anigombeze, hakunigombeza. Kaka hakuacha mtoto. Majuto ni mjukuu, husema watu, na kwa mwanawe yule Tata hakupata mjukuu mwingine. Alikwenda akachukua patasi. Akaketi kwenye kigoda, akakimega kibanio chake cha mninga pembeni, huku na huku, taratibu, akipuliza unga wa mbao kila mara. Akakifunga penye zile alama. Akajaribu nyuzi za kando kwa kidole gumba, zikavuma.

Kisha akaniletea gitaa. "Haya," akasema, "piga nisikie."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Sijui kupiga gitaa.