Kifundo cha Mpiga Nyatiti

Kila asubuhi Zadock alishuka kitandani kwa mguu wa kushoto, kwa maana wa kulia ulitaka kubembelezwa kwanza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akakanda kisigino kwa kiganja, akakizungusha kifundo taratibu, kisha akaukanyagisha mguu sakafuni kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Hatua tano za mwanzo alizipiga meno yameumana. Za baadaye zilivumilika, almradi siku hiyo hakuitwa mahali kupiga nyatiti.

Alikuwa na shamba la mahindi nje kidogo ya Rongo, lakini hakuna aliyemjua kwa mahindi. Watu walimwita jathum, yaani mpigaji wa thum, ambayo ni nyatiti kwa Kijaluo, na jina hilo alikuwa amelibeba kwa miaka ishirini na sita. Mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo chake chenye nyuzi nane kimelazwa chini mbele yake. Mikono hucharaza nyuzi, kinywa huimba, na mguu wa kulia ndio ngoma. Kwenye kidole gumba cha mguu huo huvaa pete nzito ya chuma, na kifundoni hufunga gara, kengele ndogo za chuma. Kidole kikigonga ubao wa nyatiti pete hulia, na gara hujibu. Mtu akiuliza mguu wa Zadock ulikuwa umegonga ubao mara ngapi tangu ujana wake, ni afadhali aende akahesabu mvua.

Jambo moja tu la kazi hiyo hakulipenda. Kwa desturi, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinua mkono, akamsimamisha mpigaji, akajisifu yeye mwenyewe au mtu wake mbele ya watu, kisha muziki ukaendelea. Wengine husifu ng'ombe wa babu mpaka mkia. Zadock alikuwa akingoja huku amekunja uso, vidole vikimwasha.

Mwaka 1966, mvua za masika zilipokuwa zinakatika, ilifika barua kutoka Kisegi. Aliyeiandikisha ni Roseline, mjane wa kaka yake Elkanah. Elkanah alikuwa amehamia Kisegi kuvua samaki, na mwaka ulikuwa unatimia tangu afariki. Ndugu wangekusanyika kumkumbuka baada ya wiki sita. Elkanah ndiye aliyemchongea Zadock nyatiti yake ya kwanza, na kabla ya kufa alisema kwamba sifa zake zisiimbwe na mtu mwingine yeyote. Roseline aliandika kwa upole, ila hakuficha kitu. Alikuwa amesikia habari za mguu. Kama shemeji hataweza, amjulishe mapema, ili amwite Cephas wa Rusinga.

Zadock alimwomba mkewe, Filister, amsomee mstari huo mara mbili. Cephas alikuwa mpigaji hodari, mdogo wake kwa miaka kumi, na miguu yake miwili ilikuwa mizima.

"Mwandikie kwamba nakuja," alisema.

"Unakuja na mguu wa nani?" Filister aliuliza, lakini aliandika.

Kesho yake walikwenda zahanati ya misheni. Dresa, kijana mwenye koti jeupe na mikono ya baridi, alikibana kisigino kwa nyuma mpaka Zadock akashika meza. Alieleza kwamba mfupa haukuwa na kosa. Kilichoumia ni kano, ile kamba nene inayounganisha kisigino na shavu la mguu. Ilikuwa imevutwa mno na kwa muda mrefu. Ilitaka kupumzishwa, na ilitaka kitu cha kushika kifundo kisipepesuke. Zahanati haikuwa na kitu cha namna hiyo. Alimshauri atafute madukani, au kwa fundi wa ngozi.

Zadock alianza na madukani. Alipanda basi mpaka Homa Bay, kwenye duka la Issack, mfanyabiashara aliyeuza kila kitu, kuanzia taa mpaka sare za shule. Issack alimtolea soksi za mpira zisizo na vidole wala kisigino, zile wanazovaa wachezaji wa kandanda kukaza vifundo. Zilikuwa za ukubwa wa aina tatu. Zadock alijaribu kubwa, akaitikisa, akaivua. Alijaribu ya kati, akasema inateleza. Ya tatu aliivuta mpaka jasho likamtoka.

"Mzee, hiyo ni ya mtoto wa shule," Issack alimwambia. "Chukua ile ya kati. Mguu nao unataka kupumua."

"Bwana Issack, wewe unajua mambo ya duka. Mambo ya kifundo niachie mimi."

Kosa lake lilianzia hapo, na ni kosa ambalo mkulima au mvuvi asiyevaa gara asingelifanya. Tangu ujana Zadock alifundishwa kwamba kitu kinachofungwa kifundoni hufungwa kwa nguvu zote. Gara zikilegea huteleza, zikiteleza hulia ovyo, na wimbo mzima huharibika. Basi alichagua soksi kama anayechagua kamba ya gara. Alirudi nyumbani nayo mguuni, akiona fahari kwa jinsi ilivyombana. Kwa muda maumivu yalipungua kweli, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Aliivaa siku tatu mfululizo, hata shambani. Siku ya tatu mchana akavaa pete na gara juu yake, akapiga nyimbo mbili kamili, na Filister aliyekuwa akichambua mboga akainua kichwa kwa furaha. Zadock alipomaliza alitaka kuvua pete, ikagoma. Alivuta, akazungusha. Kidole kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi kama zambarau.

Filister alileta maji na kipande cha sabuni. Alimkalisha chini, akaweka mguu wake mapajani, akaanza kuipaka pete povu huku akimsema kwa sauti ya chini. Alisema amezaa watoto watano bila kupiga kelele anazopiga mwanamume huyu kwa kidole kimoja. Alisema kama pete haitoki atampeleka kwa mhunzi na msumeno. Zadock alicheka, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa haisikii mikono ya mkewe kwenye kidole.

"Baba Dolphine," Filister alisema, na safari hii hakuwa anatania, "unataka kumwimbia Elkanah, au unataka kumfuata?"

Pete ilitoka ikiwa na ngozi kidogo. Soksi waliikata kwa mkasi. Zadock alikaa jioni nzima akitazama alama za nyuzi za mpira zilizochorwa kwenye kifundo chake. Wiki sita zilikuwa zimebaki nne, na mguu sasa ulikuwa mbaya kuliko siku barua ilipofika.

Ni Filister aliyemkumbuka Maroa. Maroa alikuwa Mkuria, fundi viatu wa soko la Rongo, ambaye kabla ya uhuru alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mzungu mmoja huko Kitale, akishona matandiko ya farasi. Walimkuta amekaa kati ya vipande vya ngozi na matairi. Alisikiliza habari yote bila kuacha kushona. Walipofika kwenye soksi ya mtoto wa shule, aliweka shazia chini.

"Farasi nao huumia hapo hapo," alisema kwa Kiswahili chake cha Kitale. "Yule mzungu alinifundisha kufunga. Ukilegeza, haisaidii. Ukikaza, unaua mguu. Ukimaliza kufunga, kidole changu hiki lazima kipite katikati. Kisipopita, fungua uanze tena."

"Mimi si farasi," Zadock alisema.

"Najua. Farasi husikia akiambiwa."

Filister alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Maroa alipima mguu kwa uzi, mahali panne, akafunga fundo kila kipimo. Siku tatu baadaye kazi ilikuwa tayari: ngozi laini ya ndama iliyozunguka kifundo, imewekewa kitambaa cha blanketi kwa ndani, na mbele ina matundu ya kamba kama kiatu. Kisigino kiliachwa wazi ili ngozi isisugue mahali penye maumivu. Halafu alichukua akala ya kulia ya Zadock, ile ndara ya tairi, akapigilia chini ya kisigino kipande kingine cha tairi chenye unene wa kidole. Kisigino kikiinuka, alieleza, kano hupata nafasi ya kulegea.

Zadock alivaa, akatembea mpaka kwa wauza ndizi na kurudi. Maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa yamerudi nyuma, kama mgeni aliyeambiwa angoje nje. Kilichomsumbua ni kingine.

"Gara nitafunga wapi?"

Ngozi ilikuwa imechukua mahali pake pote. Maroa alionyesha chini ya goti. Zadock alitikisa kichwa. Mwalimu wake alifunga kifundoni, na mwalimu wa mwalimu wake pia. Lakini alipofika nyumbani alijaribu, mlango ukiwa umefungwa.

Wiki tatu zilizobaki alijifunza upya kama mwanafunzi. Kila asubuhi, baada ya Filister kupitisha kidole chake kati ya ngozi na mguu na kuridhika, alipiga wimbo mmoja tu. Kifundo sasa hakikukunjika kama zamani, kwa hiyo ilimlazimu kuinua mguu kutoka pajani. Alikata kipande cha ubao akakiweka chini ya kisigino, ili kidole kisiwe na safari ndefu ya kufika kwenye nyatiti. Gara zilizopanda gotini zililia kwa mlio mwingine, mzito na wa kuchelewa kidogo. Siku za kwanza uliuchukiza moyo wake. Baadaye aliuzoea, lakini hakujua kama wengine wangeuzoea. Na kulikuwa na jambo asilomwambia mkewe: kila alipojaribu kuunganisha wimbo wa pili na wa tatu bila kupumzika, moto uliwaka tena kisiginoni. Sifa za Elkanah zilitaka alasiri nzima.

Walifika Kisegi siku moja kabla. Roseline aliwapokea, akautazama sana mguu wa shemeji yake. Siku yenyewe asubuhi kwaya ya kanisa iliimba, mchungaji akahubiri, akala, akaaga. Baada ya hapo watu walisogeza viti uwanjani, wakampisha Zadock. Cephas wa Rusinga alikuwapo kama mgeni. Alimwona Zadock akikaza kamba za ngozi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Jathum, leo tunapiga thum au tunacheza mpira? Mbona sioni goli?"

Watu wakacheka. Zadock alisikia uso ukimchemka, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo la kamba. Angeweza kuivua. Angefunga gara mahali pake na kuwaonyesha, walau kwa nyimbo tatu. Filister alikuwa mbali, kwenye safu ya wanawake, na alimtazama tu. Zadock aliingiza kidole kati ya ngozi na mguu. Kilipita. Akauacha mkono ushuke.

"Goli ni wewe, Cephas," alisema. "Kaa hapo hapo."

Kicheko kikahamia upande mwingine, na akaanza.

Gara zilipolia, wazee wawili waligeuziana nyuso. Mlio ule hawakuujua. Lakini sauti ya Zadock ilikuwa ile ile, na alipomtaja Elkanah kwa jina la utotoni, waliinamisha vichwa kusikiliza. Aliimba jinsi kaka yake alivyoukata mti wa kuchongea nyatiti, jinsi alivyomlaghai jirani ampe kuku wa kuuza ili apate gharama ya nyuzi. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaingia. Katikati ya wa pili moto ukaanza, mdogo, pale pale nyuma ya kisigino. Alijua dalili. Baada ya huo ungekuja ule ambao mguu ungekataa, na sifa za Elkanah zingekatikia njiani mbele ya watu wote.

Hapo mkono uliinuka. Ulikuwa wa Roseline.

"Simama, jathum," alisema, akasogea mbele. "Mimi ni Roseline, niliyeolewa na mwanamume aliyerudi kutoka ziwani samaki wangali wanapigapiga mikia. Alinisukia ukili wa mkeka siku nilipokuwa mgonjwa, mwanamume, mbele ya kaka zake, na hakuna aliyethubutu kucheka."

Aliendelea bila haraka, akihesabu mambo ya mumewe moja baada ya jingine. Zadock alikaa mikono juu ya nyuzi, mguu umetulia kwenye kipande cha ubao, na moto ukapungua, ukapungua, ukazimika. Roseline alipomaliza alimtazama si usoni bali kisiginoni. Zadock akaendelea.

Mwisho wa ubeti wa tatu akasimamishwa na mvuvi mwenzake Elkanah. Kisha na mpwa wao. Kisha na shangazi aliyesifu meno yake mwenyewe, yote ya asili. Kila mmoja alipokaa, Zadock alipiga. Kila moto ulipoanza kunong'ona, kulikuwa na mkono juu. Hakujua ni wangapi walioelewa na ni wangapi waliopenda kujisikia tu, naye hakujali. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alitamani wazungumze zaidi.

Jua lilipokuwa limeinama, wimbo wa mwisho ukiwa bado, aliyenyanyuka alikuwa Cephas. Alisimama katikati ya uwanja, akaweka mikono nyuma, akajisifu yeye, baba yake, mtumbwi wa baba yake, na kila kisiwa ambacho mtumbwi huo ulikipita. Watu walianza kunung'unika. Mtu akamwambia akae. Cephas hakukaa. Alimtupia Zadock jicho, akaona bado anakanda shavu la mguu, akaanza upya na mtumbwi wa babu.

Zadock alipoinua kichwa na kushika nyuzi, Cephas alikatiza sentensi yake katikati, akarudi kitini.

Wimbo wa mwisho ulipigwa mpaka mwisho.

Baadaye, watu wakiwa wanakunywa chai, Zadock alikaa kwenye benchi nyuma ya jiko la Roseline. Filister alimletea kikombe akasimama kumngoja. Zadock alifungua gara chini ya goti, akazilaza pembeni. Akainama, akashika pete ya chuma kwa vidole viwili. Ilizunguka mara moja ikatoka, bila maji, bila sabuni.